Frere Town: Kijiji cha Waliokombolewa

Anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kuelekea Kisauni hufika upesi kwenye njia panda yenye matatu, tuktuk na wachuuzi tele. Kituo kinaitwa Kengeleni, na kengele yenyewe ipo, kuukuu, kandokando ya barabara, jirani na kanisa la Emmanuel. Abiria wengi hushuka, hulipa nauli na kushika njia ya soko la Kongowea bila kuinua macho.

Hapo ndipo palipokuwa kijiji cha Frere Town. Wakazi wake wa kwanza hawakuwa Wamijikenda wala Waswahili wa Mombasa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengine wengi ambao makwao kulikuwa safari ya miezi kadhaa kwa miguu kusini na magharibi. Hawakuhamia Kisauni kwa hiari yao. Walishushwa pwani na manowari za Uingereza, wengi wao wakiwa watoto, baada ya kutolewa kwenye majahazi ya watumwa. Walipewa uhuru, lakini uhuru wenyewe ulikuwa na wasimamizi, masharti na mipaka yake. Historia ya kijiji hiki ni ya watu waliotumia nusu karne na zaidi kuutoa uhuru huo mikononi mwa wengine na kuufanya wao.

Kabla ya kijiji, 1844–1873

Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye mkewe Rosine alijifungua binti, na wote wawili wakafariki kwa homa. Krapf aliwazika bara, upande wa Nyali, mahali ambapo kaburi lao lingali likitunzwa. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Church Missionary Society, yaani CMS. Wanajiografia wa Kizungu wanawakumbuka wawili hao kwa milima: Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, Krapf akauona mlima Kenya mwaka uliofuata. Kwa upande wa dini mavuno yalikuwa haba sana. Kwa miaka thelathini Rabai ilikuwa na waumini wa kuhesabika.

Wakati huohuo pwani ilikuwa imeshiba watumwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono, na yale ya nafaka ya Malindi na Takaungu vilevile. Misafara ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yakapanda kaskazini. Waingereza walikuwa wamekwisha kutia saini mikataba na watawala wa Unguja tangu 1822, na mwingine mwaka 1845, yote ikikata biashara hiyo kidogo kidogo bila kuing'oa. Manowari zao zilipokamata jahazi lenye watumwa, swali la kwanza lilikuwa: watu hawa wapelekwe wapi? Kuwarudisha makwao hakukuwezekana, maana vijiji vyao vilikuwa vimechomwa na njia ya kurudi ilipita mikononi mwa walewale waliowauza. Kwa hiyo walipelekwa Aden, Bombay, Shelisheli au Mauritius.

Wachache walifikishwa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik nchini India, ambako CMS ilikuwa na makao ya Waafrika chini ya William Salter Price. Huko vijana walijifunza kusoma, Kiingereza, dini na kazi za mikono. Watu wa pwani waliwafahamu baadaye kama Waafrika wa Bombay. Watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walirudishwa Afrika mwaka 1864 kusaidia kituo cha Rabai. Wengine waliandamana na David Livingstone. Jacob Wainwright, kijana wa Nasik, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale Livingstone alipofia mwaka 1873, kisha akasafiri na maiti hadi London na kuhudhuria maziko ya Westminster Abbey mwezi wa Aprili 1874. Mwenzake Matthew Wellington, ambaye jina lake la kwao lilikuwa Chengwimbe, alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti hiyo kutoka bara hadi pwani.

Kifo cha Livingstone kiliwasha hisia Uingereza, lakini hata kabla habari haijafika serikali ilikuwa imekwisha kumtuma Unguja Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Frere alikuja mwaka 1873 kumshawishi mtawala wa Unguja, Seyyid Barghash, apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Seyyid alikataa. Frere akaondoka, na konseli John Kirk akabaki na jukumu la kumwambia mtawala huyo kwamba asipokubali, manowari zingeziba bandari. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Ilikuwa dhahiri kwamba manowari zingekamata watu wengi zaidi kuliko zamani, na Bombay haikuweza tena kuwa jibu. Frere alikwisha kuipitia pwani ya Mombasa. Ushauri wake ulikuwa kwamba misheni ianzishe makao hukohuko.

Ardhi ya Kisauni, 1874–1875

CMS ilimtuma Price, mtu aliyewajua vijana wa Nasik kwa majina. Aliwasili Mombasa mwishoni mwa 1874. Kule Rabai alimkuta Rebmann mzee, amepofuka, amekaa miaka karibu thelathini bila kurudi kwao Ujerumani. Walimsafirisha kwao mwaka 1875, na mwaka uliofuata akafa.

Price alitafuta ardhi na akaipata Kisauni, ng'ambo ya maji, ikitazamana na Mji wa Kale. Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Palikuwa karibu na bandari kiasi cha manowari kushusha watu bila shida, na mfereji wa bahari uliwatenga wakazi wapya na mji ambao karibu kila nyumba yenye uwezo ilikuwa na watumwa. Mombasa ya siku hizo iliwatofautisha watu kwanza kwa jambo moja: nani muungwana, nani mtumwa. Sasa, umbali wa kuvuka kwa mashua, palikuwa panajengwa mji wa watu ambao sheria hiyo haikujua iwaweke wapi.

Ardhi ilinunuliwa kwa fedha za misheni na kubaki mali ya misheni. Jambo hilo lilionekana dogo mwaka 1875. Makao yalipewa jina la Frere, na Waafrika wa Bombay kama 150 wakakusanyika kwenye vituo vya pwani kuwa maseremala, waashi, walimu na makatekista. Bila wao kijiji kisingesimama. Ndio waliojenga nyumba na ndio waliokuwa na lugha: Kiingereza cha kuzungumza na Price na Kiswahili cha kuzungumza na watu watakaokuja.

Watu wa Thetis

Walikuja Septemba 1875. Manowari Thetis ilifika ikiwa na mamia ya watu waliokombolewa, ikawakabidhi kwa misheni. Ni rahisi kulipita tukio hilo kwa sentensi moja, kama vitabu vingi vifanyavyo, lakini inafaa kulisimamia kidogo.

Mtu aliyeshuka pwani ya Kisauni siku hiyo alikuwa amekamatwa kwao, pengine usiku, na watu wenye bunduki. Alikuwa ametembea miezi kadhaa amefungwa na wenzake, akiwaona wachovu wakiachwa njiani. Alikuwa ameuzwa walau mara moja, na mara nyingi zaidi ya moja. Kisha alikuwa amepakizwa jahazini kwa safari ya gizani. Halafu chombo kikubwa chenye moshi kikalifukuza jahazi hilo, na manahodha walikuwa wamekwisha kuwatisha shehena yao kwamba Wazungu ni wala watu. Kwa hiyo wengi waliingia manowarini wakiamini wanakwenda kuliwa. Hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi.

Pwani walikuta watu weusi kama wao waliovaa shati na suruali, wakiwapa nguo, posho na mahali pa kulala. Hao Waafrika wa Bombay walikuwa wamepitia njia ileile walipokuwa watoto, na ndiyo sababu waliweza kuwatuliza. Lakini tofauti kati ya makundi haya mawili ilionekana tangu siku ya kwanza. Wa Bombay walikuwa na ufundi, mshahara na majina ya Kiingereza. Waliokuja na manowari walikuwa na jembe. Walipewa viwanja vya kulima, watoto wakaingizwa shule, na siku ikagawanywa kwa kengele: ya kazi, ya darasa, ya sala. Inasimuliwa pia kwamba kengele ile ililizwa kila watekaji watumwa walipoonekana, ili wanakijiji wakimbilie mahali salama.

Katika mkusanyiko huo hakukuwa na lugha moja ya nyumbani. Myao na Mmakua, Mngindo na Mzigua walijikuta uani pamoja. Kiswahili kilifanya kazi ambayo hakuna sera iliyokipangia. Watoto waliozaliwa Frere Town walikuwa na wazazi wa lugha mbili tofauti, na lugha ya mama kwao ikawa Kiswahili. Hawakuwa Waswahili kwa nasaba, na kwa dini walitengana na mji wa ng'ambo. Watu wa Mombasa waliwaita Wamisheni, na jina hilo likawakaa.

Kengele na kiboko, 1876–1883

Mwaka 1876 Seyyid Barghash alipiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Biashara ikabanwa, lakini utumwa wenyewe ukabaki halali. Aliyekuwa mtumwa wa mtu Mombasa, Takaungu au Malindi aliendelea kuwa mali yake mbele ya kadhi na mbele ya konseli wa Uingereza pia. Hapo ndipo kijiji kilipojikuta kwenye tanuri.

Mtumwa wa Mombasa aliweza kusimama ufukweni na kuwaona ng'ambo watu waliokuwa watumwa jana wakilima mashamba yao. Kwa nini yeye asivuke? Wengi walivuka. Watoro waliingia Frere Town na zaidi Rabai, ambako Jones na wenzake waliwapokea. Wenye watumwa walidai mali yao. Kisheria madai yao yalisimama, maana CMS ilikuwa imeruhusiwa kupokea watu wa manowari tu. Kirk aliwaonya wamisionari mara kwa mara wasiwahifadhi watoro. Makatekista Waafrika, waliokuwa wameuzwa wenyewe, hawakuweza kumkamata mtoro mkono na kumrudisha, na kwa macho ya leo wao ndio walioelewa kwa kina zaidi kazi ya kijiji kile ilikuwa nini. Mwaka 1880 habari zilienea kwamba wenye watumwa wanajikusanya kuivamia Frere Town. Uvamizi haukutokea, lakini konseli alilazimika kuingilia kati, na misheni ikatakiwa kufunga milango yake.

Ndani ya kijiji mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Msimamizi wa miaka ile, J. R. Streeter, hakuwa padri. Alikuwa amekabidhiwa mamlaka ya kutawala mamia ya watu bila mahakama wala mtu wa kumsimamia jirani. Kosa la kuchelewa kazini, la ugomvi au la kutoroka liliishia kwenye viboko, na kijiji kilikuwa na jela yake. Malalamiko yalifika kwa maofisa wa Uingereza, na uchunguzi wa mwaka 1881 ukathibitisha kwamba watu waliokombolewa kutoka kwenye mjeledi wa msafara walikuwa wanachapwa kwa jina la nidhamu ya Kikristo. Aibu ilienea hadi London. Streeter aliondoka, na Price akarudishwa kutuliza mambo.

Waliofanya hivyo hawakuwa wafanyabiashara ya watumwa. Walikuwa watu walioacha makwao kwa imani na wengi wao wakafia pwani kwa malaria. Hata hivyo walishindwa kumtazama mtu mzima aliyekombolewa kama mtu mwenye haki ya kujiamulia. Kila walipomwona akiondoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini waliliita jambo hilo utoro, neno lilelile walilolitumia wenye watumwa.

Wapo waliokataa tawala zote mbili, ya wenye watumwa na ya misheni. Ndani zaidi ya bara, katika nchi ya Wagiriama, watoro na Wakristo wachache wa Kigiriama walikuwa na makazi yao huko Fuladoyo, yasiyo na Mzungu wa kuyasimamia. Mwaka 1883 makazi hayo yalishambuliwa, na kiongozi wao, David Koi, akauawa. Kanisa la Kianglikana la Kenya linamhesabu kuwa shahidi wake wa kwanza.

Askofu na msafara, 1885–1886

Januari 1885 alifika Frere Town James Hannington, askofu wa kwanza wa dayosisi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Ikweta. Alikuwa na miaka thelathini na saba na haraka nyingi. Mwezi wa Mei mwaka huohuo aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Kwa mara ya kwanza Waafrika walipewa daraja la kanisa kwenye ardhi ya Kenya ya leo, na wote wawili walikuwa wamewahi kuuzwa utotoni.

Julai Hannington alianza safari ya Uganda. Badala ya njia ya zamani inayopita kusini mwa Ziwa Victoria alichagua kukata kupitia nchi ya Wamasai, akiwa na wapagazi zaidi ya mia mbili na Jones akiwa msaidizi wake. Huko Kwa Sundu, panapoitwa leo Mumias, aliugawa msafara. Sehemu kubwa ilibaki na Jones. Yeye mwenyewe akaendelea na watu hamsini kuingia Busoga kutoka mashariki, upande ambao wakuu wa Buganda waliuogopa kuliko mwingine wowote. Kabaka Mwanga aliamuru auawe, na tarehe 29 Oktoba 1885 yeye na wengi wa watu wake wakauawa.

Jones alingoja hadi waliookoka walipomfikia na habari. Kisha yeye, shemasi wa miezi michache, akaurudisha msafara pwani kwa safari ya wiki nyingi, chakula kikiwa kidogo na Mzungu akiwa hayupo. Waliingia Rabai mwanzoni mwa 1886 wakiwa na kibendera cha buluu kilichoshonewa herufi nyeupe: ICHABOD, neno la Agano la Kale la kuomboleza utukufu ulioondoka. Walimwombolezea askofu wao namna hiyo, kwa kitambaa, kabla hawajasema neno. Vitabu vya Uingereza viliandika mengi kuhusu Hannington. Kazi ya Jones ya kuwarudisha watu wake salama imepata mistari michache tu.

Hati za uhuru, 1889

Kesi ya watoro haikuwa imeisha. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa Company, ilianza shughuli zake Mombasa. Wenye watumwa walimkabili mwakilishi wake, George Mackenzie, kwa dai la zamani: vituo vya misheni vimejaa watu wetu. Mackenzie alihitaji amani mjini ili biashara ianze, na misheni haikuweza kuwatoa watu hao bila kujivua heshima. Price, ambaye sasa alikuwa amekuja kwa mara ya tatu, alikuwa katikati ya mazungumzo.

Suluhisho lilikuwa fedha. Kampuni, misheni, wafadhili na serikali ya Uingereza walichanga, wenye watumwa wakalipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 huko Rabai hati za uhuru zikagawiwa. Watu zaidi ya 1,400 walipata karatasi iliyosema kuwa hawana mwenyewe. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuishi kama watu huru kwa miaka kadhaa. Walilolipata siku hiyo ni mwisho wa kugeuka nyuma kila wanaposikia nyayo.

Utumwa kama hadhi ya kisheria uliendelea kuwepo kwenye ukanda wa pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini Frere Town ilikuwa kijiji cha watu huru ndani ya nchi ya utumwa.

Wamisheni, 1890–1930

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, palihitajika ghafla watu wanaosoma, kuandika na kufasiri. Wamisheni walikuwa tayari. Walikuwa makarani wa forodha na posta, wafasiri wa mahakama, waashi na maseremala wa serikali. Matthew Wellington, mmoja wa waliombeba Livingstone, aliishi Mombasa na kufanya kazi katika idara ya serikali, na akafa mwaka 1935 akiwa mzee sana.

Walimu na makatekista wa Frere Town walitawanyika Taita, Taveta na Ukambani. Mahali pengi ambako wenyeji walidhani injili imekuja na Mzungu, aliyefundisha herufi za kwanza ubaoni alikuwa Mmisheni kutoka Kisauni, na herufi hizo zilikuwa za Kiswahili. Mwaka 1903 CMS ilianzisha kijijini chuo cha theolojia cha kuwaandaa watumishi hao. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa St. Paul's University ya Limuru.

Lakini wakati kijiji kinatoa watu, misheni ilikuwa inageuza uso. Reli ilifungua nyanda za juu zenye baridi na watu wengi, na nguvu na fedha za CMS zikapanda huko. Mateka wa manowari hawakuja tena. Waafrika waliokuwa mashemasi na makasisi walilalamikia mishahara yao na jinsi walivyowekwa chini ya vijana wa Kizungu wasio na uzoefu wao. Mafundi na wasomi walihamia kwenye kazi za mjini. Mwaka 1930 chuo cha theolojia kilihamishiwa Limuru. Mwaka uliofuata daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, likafunguliwa, na mfereji uliokuwa ukikitenga kijiji na mji kwa miaka hamsini na sita ukaacha kuwa mpaka.

Kalamu ya Mbotela

Ni wakati huo, kijiji kikififia, ndipo kilipojiandika chenyewe. Mwaka 1934 kilichapishwa London kitabu kidogo cha Kiswahili, "Uhuru wa Watumwa", cha James Mbotela. Mwandishi alikuwa mwana wa Mbotela, Myao aliyekamatwa akiwa kijana, akapakizwa jahazini, akaokolewa na manowari na kushushwa Frere Town. Kitabu kinasimulia safari ile yote, kisha maisha ya kijiji.

Wahakiki wa miaka ya karibuni wamekikosoa kwa kuwasifu mno Waingereza, na kweli sifa zipo nyingi. Mwandishi alikuwa mtoto wa shule ya misheni na mchapishaji alikuwa wa kanisa. Lakini sehemu za utekwaji na safari hazikutoka kwa mmisionari yeyote. Zilitoka kwa mzee aliyekuwa amekaa chini ya mti wake akimsimulia mwanawe yaliyompata, kwa lugha aliyojifunza akiwa mateka. Kabla ya hapo hadithi ya Frere Town ilikuwa imeandikwa na wakombozi. Mbotela aliwaweka waliokombolewa kuwa wasimulizi, na kwa miongo kadhaa wanafunzi wa Kenya na Tanganyika walikisoma kitabu hicho darasani.

Ukoo huo uliendelea kutumia sauti yake. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa Kenya African Union na diwani wa Nairobi. Aliuawa Novemba 1952, hali ya hatari ikiwa imetangazwa mwezi mmoja tu kabla, na mtaa wa Mbotela jijini Nairobi umepewa jina lake. Francis Khamisi, mwenye nasaba ya watumwa waliokombolewa, alikuwa mhariri wa kwanza wa gazeti la "Baraza" mwaka 1939, kisha katibu wa Kenya African Union ilipoanzishwa 1944, na baadaye mbunge katika Baraza la Kutunga Sheria. Jamii ndogo isiyo na machifu, isiyo na ardhi ya mababu wala idadi ya kutisha kwenye kura ilijipatia nafasi kwa kile ilichokuwa nacho, nacho kilikuwa kusoma na kuandika.

Mji wavuka maji

Baada ya uhuru Mombasa ilihamia bara. Mashamba ya Nyali yakawa nyumba za matajiri na hoteli. Daraja jipya la zege lilikamilika mwaka 1980, na soko la Kongowea likawa kitovu cha mboga na matunda ya pwani nzima. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti ya Mombasa watu 1,208,333, na Kisauni ni mojawapo ya sehemu zake zenye watu wengi zaidi. Makuti ya zamani hayapo. Mstari wa nyumba za wakombolewa umefunikwa na maduka, gereji na nyumba za kupanga.

Lile jambo lililoonekana dogo mwaka 1875 limekuwa kubwa. Hati ya ardhi haikuandikwa majina ya watu waliokaa juu yake. Wazee wao walilima, walizika na kujenga wakiwa wageni wa misheni. Jirani wa Kijikenda anayedai ardhi huweza kutaja kaya ya mababu. Mjukuu wa Mmakua aliyeshushwa na Thetis hana kaya ya kutaja. Hata fomu ya serikali inayouliza kabila humsumbua, kwa kuwa babu alikuwa Myao, bibi Mngindo, na lugha ya nyumbani ni Kiswahili. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mwishoni mwa 2016 baada ya kuandamana hadi Nairobi kwa miguu. Wazao wa Frere Town na Rabai nao wamekuwa wakidai watambuliwe kwa historia yao.

Joe Khamisi, mwana wa Francis, aliyekuwa mwandishi wa habari na mbunge, ameandika kitabu kizima kuhusu makazi ya Rabai na Frere Town, kilichotoka mwaka 2016, na katika kumbukumbu zake amejitaja waziwazi kuwa mzao wa mtumwa. Kwa familia nyingi za pwani hilo ni jambo ambalo bado husemwa kwa sauti ya chini au halisemwi kabisa.

Leonard Mambo Mbotela, mwana wa yule mwandishi wa 1934, alizaliwa Frere Town mwaka 1940. Alijiunga na redio ya taifa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimlazimisha kwa bunduki kulitangazia taifa kwamba serikali imepinduliwa. Lakini Wakenya walimjua zaidi kwa kipindi alichokianzisha mwaka 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya miaka hamsini. Wiki baada ya wiki mjukuu wa mtu aliyenunuliwa na kuuzwa aliwakalisha wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo, akawaeleza tabia fulani aliyoiona matatuni, ofisini au mezani, kisha akawauliza: "Je, huu ni ungwana?" Alifariki Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84.